Kazi Kabla ya Damu

Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, imeanguka mara nyingi mno. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliishika kuanzia Agosti hadi Novemba. Mwaka 1996 walikuja waasi wa AFDL pamoja na askari wa Rwanda, mwaka 1998 waasi wa RCD, Juni 2004 makamanda waasi Nkunda na Mutebutsi, Februari 2025 waasi wa M23. Mambo huenda kwa utaratibu uleule. Wakubwa husema redioni kwamba mji uko salama, wananchi watulie. Baadaye magari yao huonekana yakitoka na mizigo imefungwa juu. Halafu askari huanza kuomba nguo za kiraia majumbani. Sisi tunaobaki huku mtaani Kadutu, milango imefungwa kwa ndani, swali la nani ameingia mji tunaliacha kwa baadaye. Tunaulizana kupitia ukuta wa mabati: nani amebaki?

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha watoto wa shule ya msingi ya Kikatoliki tangu enzi za Mobutu, nimefundisha katekisimu Jumamosi, na kwa muda mrefu nimeongoza shirika letu, maana hapa jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa tunaiita hivyo. Kwa hiyo nimewaona viongozi wa kanisa kutoka karibu, wazuri na wale wengine. Na nina ugomvi mmoja na watu wangu. Tunajua vizuri sana jinsi wakubwa wetu wa kanisa walivyokufa, lakini jinsi walivyofanya kazi tunajua kidogo mno. Mahubiri huanzia kwenye damu. Mimi ningeanzia mbali zaidi.

Ningeanzia kwa katekista. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe huko Algiers mwaka 1868, aliwaagiza watu wake wajifunze lugha ya wenyeji, wale wanachokula wenyeji, na wasikae chini ya watatu mahali pamoja. Walipofungua misheni yao ya kwanza hapa Bushi, nchi ya Washi, mwaka 1906, agizo hilo lilikutana na milima yetu. Mapadri watatu hawawezi kufika kila kilima. Aliyefika ni katekista, kwa miguu, na kitabu ndani ya mfuko wa kitambaa. Babu yangu alikuwa mmoja wao, pande za Nyangezi. Alifundisha sala asubuhi, alilima mchana kama kila mtu, alikaa na wagonjwa usiku. Padri alipita mara chache kwa mwaka kubatiza na kufungisha ndoa, naye alitegemea neno la katekista kuhusu nani yuko tayari na nani bado ana wake wawili. Katekista aliyepokea mbuzi ili apitishe jina la mtu alijulikana kilima kizima kabla mbuzi hajafungwa kamba. Hapo ndipo uaminifu wa kiongozi ulipoanza kupimwa kwetu, na wapimaji walikuwa majirani.

Sitaki kupaka enzi hizo rangi nzuri kupita kiasi. Mama yangu alibeba matofali ya kanisa kichwani akiwa mkatekumeni, na hakuna aliyemuuliza kama anataka. Kanisa la wakati ule lilitembea bega kwa bega na serikali ya Kibelgiji, na watu wa kilimani hawakuona daima tofauti kati ya kengele ya misheni na filimbi ya msimamizi. Bukavu ilifanywa jimbo kuu Novemba 1959, uhuru ukaja miezi michache baadaye, na heshima aliyokuwa nayo padri kwa sababu ni Mzungu haikumfaa kitu padri Mushi. Huyu ilibidi aitafute mwenyewe.

Christophe Munzihirwa Mwene Ngabo, aliyekuja kuwa askofu wetu, alizaliwa Burhale, katika Walungu, mwaka 1926. Alipata upadri mwaka 1958. Alikuwa tayari padri wa jimbo, mwenye cheo chake kijijini, alipoomba mwaka 1963 kuingia kwa Wajesuti. Maana yake ni kwamba aliacha kuitwa Padri na kurudi kuwa novisi, kufagia na kuomba ruhusa pamoja na vijana waliokuwa wadogo kwake kwa miaka mingi. Kisha akapelekwa Louvain, Ubelgiji, akasoma sayansi ya jamii na uchumi.

Sasa nakuja kwenye mwaka ambao mahubiri huuruka. Juni 1971 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, walitaka kuwakumbuka wenzao waliopigwa risasi na askari katika maandamano ya Juni 1969. Mobutu alikasirika. Chuo kilifungwa, na wanafunzi wakaingizwa jeshini kwa lazima, pamoja na waseminari na watawa vijana waliokuwa wakisoma. Munzihirwa alikuwa mlezi wa Wajesuti vijana. Jina lake halikuwamo kwenye orodha. Angeweza kuwaandikia barua za kuwatia moyo na kuwaombea kila jioni, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliomba aandikishwe pamoja nao.

Alikuwa na umri wa miaka 45. Kila aliyeishi Zaire anajua kambi ya jeshi la Mobutu ilikuwaje: filimbi alfajiri, kukimbia kabla ya chai, na sajini aliyeishia darasa la nne akiwa na furaha yake maalumu ya kumfokea mtu aliyesoma. Padri mwenye shahada ya Ulaya alisimama kwenye mstari huo kwa hiari yake, pamoja na vijana wenye umri wa kuwa wanawe. Hakuwaokoa na lolote kwa kufanya hivyo. Jeshi halikuwaachilia kwa sababu yake. Alikuwapo tu, kila siku, na nadhani waliokuwa naye walijifunza theolojia zaidi pale kuliko darasani.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloeleza yaliyofuata. Miaka zaidi ya 20 baadaye, akiwa askofu wetu, alipowakemea askari wa Zaire waliokuwa wakipora raia na wakimbizi, alisema kama mtu aliyewahi kuvaa sare ileile na kulala kambini.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa mkuu wa Wajesuti wa Afrika ya Kati, kuanzia 1980 hadi 1986, akiangalia Zaire, Rwanda na Burundi. Aliwajua Warwanda na Warundi kama ndugu wa nyumba moja muda mrefu kabla jina la Rwanda halijawa jambo la kunong'onezwa hapa. Mwaka 1986 akapelekwa Kasongo, Maniema, awe askofu. Mtu wa Bukavu akisikia Kasongo hutikisa kichwa. Kule ni joto, malaria, barabara zilizomezwa na majani, parokia ambazo hufikiwa kwa baiskeli na mtumbwi. Si mahali pa kumpeleka mtu unayetaka kumpa raha. Alikaa hadi mwaka 1993, alipopewa kuliangalia jimbo la Bukavu, na mwaka 1994 akawa Askofu Mkuu.

Alikuta mji umechoka. Hapa niruhusiwe kueleza jambo la prime, kwa sababu ndilo lililotufundisha sisi watu wadogo maana ya kiongozi mwaminifu, na vitabu havilitaji sana.

Shule zetu za kanisa zilitaifishwa mwaka 1974, zikarudishwa mwaka 1977 kwa mkataba: serikali inalipa walimu, kanisa linaendesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ikaacha kulipa. Fedha ilikuwa imeoza kiasi kwamba kulikuwa na noti ya zaire milioni 5, na Oktoba 1993 ikaletwa zaire mpya iliyobadilishwa kwa milioni 3 za zamani. Mshahara wangu, siku ulipofika, ulinunua sabuni. Ama shule zifungwe, ama wazazi wawalipe walimu. Wazazi wakalipa. Mchango huo tuliuita prime, na mtoto asiye na prime alirudishwa nyumbani, jambo ambalo nililifanya mimi mwenyewe kwa mdomo huu na sikulipenda hata siku moja.

Basi tazama mkutano wa wazazi ulivyokuwa shuleni kwetu. Ni Jumamosi, darasa la sita, wazazi wamebanana kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu. Noti ziko mezani ndani ya beseni, zimefungwa mafungu kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Mweka hazina ni mama anayeuza sambaza sokoni Kadutu, vidole vyake bado vinanuka samaki. Anahesabu kwa sauti, fungu kwa fungu. Direkta anaandika ubaoni kwa chaki: iliyoingia, walimu, chaki, karani, paa la darasa la pili. Padri wa parokia, ambaye ndiye mkubwa wa shule, amekaa nyuma kabisa mlangoni, na ameomba jina lake lisiwekwe kwenye orodha ya wanaopata. Mzazi mmoja anasimama na kusema bei ya mabati si hiyo, yeye ameyanunua juzi. Kimya. Padri anasema mabati yarudiwe kuulizwa bei Jumatatu, na mzazi huyo aende pamoja na direkta. Jumatatu wakaenda. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilirudi kwenye beseni mbele ya watu.

Nimefanya kazi pia mahali ambapo ubao haukuandikwa kitu. Mkubwa wa pale alikuwa na pikipiki mpya, na sisi tulipewa maneno ya Mtakatifu Yosefu mfanyakazi. Wazazi hawakugoma wala hawakutukana. Walianza kuchelewesha prime mwezi baada ya mwezi, halafu wakaanza kuchelewa hata misa. Watu wetu hawasemi sana. Wanahama.

Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda wakavuka Ruzizi. Walijaa kwenye viwanja vya shule, mbele ya makanisa, kando ya njia, mamia ya maelfu, na miongoni mwao wauaji pamoja na familia zao na watu wasio na hatia. Kisha wakapelekwa kambini, Inera, Kashusha na kwingineko. Askofu aliyekuja kutoka Kasongo hakupata hata mwaka wa kupumua. Aliwapokea wakimbizi, na alidai kwamba wenye silaha watengwe na wasio nazo. Aliandika barua kwa kila aliyefikiriwa kuwa na sikio huko nje. Aliwasema askari wa Mobutu. Aliisema serikali ya Kigali. Kwa upande mmoja waliomchukia walimwita mtetezi wa wauaji wa kimbari, na kwa upande mwingine wapo waliomwona anawalinda Watutsi. Mtu anayelaumiwa na pande zote anaweza kuwa amepotea, au anaweza kuwa amesimama mahali panapostahili. Kwa Munzihirwa mimi nachukua la pili, na najua wapo wenzangu wasiokubali.

Maneno yake yanayorudiwa zaidi hapa ni kwamba kuna mambo yanayoonekana tu kwa macho yaliyolia. Nimeyaona kwenye kalenda na kwenye fulana. Watu huyashika machozi wakaacha macho. Mtu huyu alisoma uchumi, alijua bei ya vitu na njia ambazo silaha hupitia, na aliandika barua zenye hoja. Alilia, bila shaka, lakini alikuwa ameshafanya kazi ya kutazama.

Oktoba 1996 vita vikaja. Tarehe 6 hospitali ya Lemera ilivamiwa, wagonjwa wakauawa vitandani. Mwisho wa mwezi wakubwa wa serikali na wa jeshi walikuwa wameuacha mji. Askofu alibaki, akawa ndiye anayewaomba watu watulie na wakae. Jumanne tarehe 29 Oktoba gari lake lilisimamishwa na askari kwenye njia panda ya Nyawera. Alishuka ameshika msalaba wake, wakamuua. Mwili wake ulikaa barabarani hadi kesho yake, waseminari wa Wasaveri walipothubutu kwenda kuuchukua. Hakuna aliyehukumiwa. Hayo anayajua hata mtoto wa darasa la pili hapa, kwa hiyo sitaongeza.

Aliyekuja baada yake, mwaka 1997, hakuwa Mushi. Emmanuel Kataliko alikuwa Mnande, aliyezaliwa mwaka 1932, na alikuwa askofu wa Butembo-Beni tangu mwaka 1966, miaka 31. Kulikuwa na minong'ono Bukavu, nani asiyejua tabia yetu: tumekosa mtoto wa hapa? Lakini wafanyabiashara wanaopanda kwenda Butembo kununua vitu walirudi na habari. Kule, walisema, askofu anajulikana kwa barabara, shule na vituo vya afya, kwa fedha za watu wenyewe, si kwa kusubiri Kinshasa. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa kule mwaka 1989 wakati wa uaskofu wake. Minong'ono ilipungua. Mtu aliyejenga hahitaji kueleza kabila lake kwa muda mrefu.

Mji ulikuwa mikononi mwa RCD. Krismasi ya mwaka 1999 ilisomwa makanisani barua yake, yenye kichwa kutoka kwa nabii Isaya, ya kuwafariji watu. Ilisema wazi kwamba nchi inaliwa na mataifa ya kigeni yakisaidiwa na baadhi ya ndugu zetu wenyewe, na iliwataka Wakristo wasinyamaze. Mwisho wa Januari 2000 raia waliufunga mji: maduka, shule, masoko, ville morte kamili. RCD wakamtupia lawama askofu. Februari 12 alizuiwa kurudi Bukavu, akapelekwa Butembo, mahali palepale alipojenga, sasa kama mfungwa bila gereza.

Ndipo kanisa la Bukavu lilipofanya jambo ambalo sijawahi kuliona tena. Misa zilisimamishwa. Sisi tuliozoea kwenda misa ya saa 12 tulikuta milango imefungwa na mapadri wenyewe. Madarasa yetu yakawa kimya. Wazee walilia kwamba watakufa bila ekaristi, na kijana mmoja wa kwaya aliniuliza kama Mungu naye yuko kwenye mgomo. Lakini hakuna aliyefungua mlango. Watu hawagomi hivyo kwa ajili ya cheo. Waligoma kwa ajili ya mtu ambaye walishamwona akifanya kazi kwa miaka mitatu.

Alirudi tarehe 14 Septemba 2000, na mji ulitoka barabarani. Tarehe 4 Oktoba alifariki Roma, moyo ulisimama. Hazikutimia wiki 3.

Wenzangu Wakatoliki husimama hapo, kama vile kanisa la Bukavu ni letu peke yetu. Mimi naongeza Mpentekoste. Denis Mukwege alizaliwa hapa mwaka 1955, mtoto wa mchungaji. Amesimulia mwenyewe kwamba akiwa mdogo alifuatana na baba yake kuwaombea wagonjwa, na siku moja akamuuliza kwa nini baada ya kuomba hatoi dawa. Baba akajibu kwamba yeye si daktari. Mtoto akaamua kugawana kazi na baba: mmoja aombe, mwingine atibu. Alisomea udaktari Burundi, akabobea Angers, Ufaransa, na mtu mwenye cheti cha namna hiyo hukaa Ulaya. Alirudi Lemera. Ni yeye aliyekuwa daktari mkuu pale wagonjwa walipouawa mwaka 1996. Mwaka 1999 ikaanza hospitali ya Panzi, chini ya kanisa lake, CEPAC, kwa msaada wa Waswidi. Alitaka mahali pa kinamama kujifungulia salama, na mgonjwa wa kwanza akawa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Tangu hapo wamepita maelfu kwa maelfu, naye amekuwa mchungaji anayehubiri Jumapili na kushika kisu cha upasuaji Jumatatu.

Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia nyumbani, wakamuua mlinzi wake. Alikimbilia ng'ambo na familia. Kinamama wa kisiwa cha Idjwi, wanaoishi kwa fedha isiyofika dola moja kwa siku, wakaanza kuuza mananasi na vitunguu ili wamnunulie tiketi ya kurudi, na wakajitolea kumlinda wenyewe kwa zamu. Januari 2013 alirudi. Alipopewa Nobel ya Amani mwaka 2018 wageni wengi walishangaa. Kinamama wa Idjwi walikuwa wameshatoa uamuzi wao miaka mitano kabla, kwa mananasi.

Kila tarehe 29 Oktoba tunafanya misa ya kumbukumbu, na kila mwaka mhubiri huanzia njia panda ya Nyawera. Nimewahi kumwambia padri mmoja kijana, kwa heshima, Monsenyeri aliishi miaka 70, mbona unatupa saa moja tu ya mwisho? Alicheka akasema watu wanataka mashahidi. Labda. Lakini shahidi wa namna hiyo hamsumbui kiongozi yeyote wa leo, maana hakuna anayetegemewa kuuawa wiki ijayo. Wa mwaka 1971 anasumbua. Beseni la prime linasumbua. Kiongozi mwenye gari la vioo vyeusi anaweza kuhubiri vizuri sana juu ya Nyawera na jioni akarudi nyumbani bila mkwaruzo wowote.

Jimbo lilianza kukusanya ushuhuda juu ya Munzihirwa, na hiyo ni kazi njema. Ombi langu kwa wanaoandika ni dogo. Vijana walioingizwa jeshini pamoja naye sasa wamepita miaka 70, na wengine tumeshawazika. Wapo waliobaki Kinshasa, wapo Kisantu, wapo hapa mjini. Wapo pia makatekista wa Kasongo waliompokea mwaka 1986. Wachukue kinasa sauti waende kwa hao kwanza, mwaka huu, kabla ya kuja kutuuliza sisi wa Bukavu tuliona nini.